Fedha za mavuno zinavyozikwa saiti kabla fremu haijafunguliwa

Ukipita barabara kuu ya kutoka Makambako kwenda Mbeya, ukaanza kuhesabu tangu Igawa, ukapita Chimala hadi Igurusi, utaona jambo ambalo lipo kando ya barabara nyingi hapa nchini. Ni maboma ya fremu za biashara yaliyoishia kwenye lenta. Ndani yameota majani, nje kuna mabaki ya kokoto yaliyochanganyika na udongo, na mara nyingi mlangoni kuna mifuko miwili au mitatu ya saruji iliyoganda, sasa inatumika kama ngazi.

Ukimwuliza mwenye boma, jibu ni moja: hela imeisha. Ni kweli imeisha. Lakini sehemu ya hela hiyo haijaenda mbali, iko pale pale saiti. Imo ndani ya ile mifuko iliyoganda, imo katika rundo la tofali zilizozidi, na imo katika ukuta uliopigwa lipu kisha ukachimbwa tena ili fundi umeme apitishe mabomba yake.

Kwa mkulima wa mpunga wa bonde la Usangu, au kwa mfanyabiashara mdogo anayenunua mazao na kuyauza, hasara hii ina uzito wa pekee. Mtu wa mshahara akikosea mwezi huu, atasahihisha mwezi ujao. Mkulima hupata fedha za kujengea mara moja kwa mwaka, baada ya mavuno, na fedha hizo hizo ndizo zinazosubiriwa na ada za shule, mbolea na kibarua cha kupandikiza msimu unaofuata. Boma likisimama bila paa mwezi Oktoba, litanyeshewa kuanzia Novemba hadi Aprili, na fremu ambayo ingeanza kuingiza kodi inageuka kuwa mdai mwingine.

Mafundi wenye uzoefu hawabishani juu ya chanzo. Upotevu mkubwa katika majengo madogo hauletwi na wizi, ingawa wizi upo na kila mtu huanza kwa kuulalamikia. Unaletwa na kuanza kazi bila karatasi mbili. Ya kwanza ni hesabu ya vifaa, na ya pili ni mpangilio wa nani anaanza na nani anafuata. Karatasi hizo ni za bei ndogo kuliko mfuko mmoja wa saruji, na zinaweza kuandikwa katika daftari la shule.

Kwanza, pale unapojenga

Hakuna upotevu unaozidi jengo zima kubomolewa. Wanaojenga fremu hutafuta wateja, na wateja wako barabarani. Lakini Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ilipanua eneo la hifadhi kwa barabara kuu na za mikoa hadi mita 30 kutoka katikati ya barabara kwa kila upande, badala ya mita 22.5 za awali. Yapo majengo ambayo mafundi wake walipima kila kitu kwa usahihi, isipokuwa umbali huo, na leo kuta zake zina alama ya X.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ya utepe wa kupimia si kupima msingi. Ni kupima kutoka katikati ya lami hadi mahali ukuta wa mbele utakaposimama, kisha kwenda kuthibitisha katika ofisi ya TANROADS ya mkoa na kuomba kibali cha ujenzi halmashauri. Wengi hukwepa kibali kwa kuogopa gharama na mizunguko. Wanachosahau ni kwamba ili kupata kibali lazima kuwe na ramani, na ramani hiyo ndiyo inayowezesha hesabu zote zinazofuata. Asiye na ramani hununua vifaa kwa kukisia.

Tofali 220 ambazo hazikuwa na kazi

Chukua mfano wa jengo la kawaida kabisa la fremu mbili mbele na stoo moja nyuma ya kuwekea magunia. Urefu wa jengo ni mita 8 na upana mita 6. Kuta za nje zina jumla ya mita 28. Ndani kuna ukuta wa mita 8 unaotenganisha stoo na fremu, na mwingine wa mita 3.5 unaotenganisha fremu moja na nyingine. Jumla ni mita 39.5 za ukuta. Ukuta ukiwa na kimo cha mita 3, ukiacha lenta, eneo lote ni mita za mraba 118.5.

Tofali la saruji la inchi 6 lenye urefu wa inchi 18 na kimo cha inchi 9, pamoja na udongo wa kuunganishia, huingia takriban 9 katika mita moja ya mraba. Wengi hukadiria 10 ili kufidia zinazovunjika, na si vibaya. Fundi anayekadiria kwa macho atazidisha 118.5 kwa 10 na kusema zinahitajika tofali 1,185. Mwenye nyumba ataagiza 1,200 ili kuwe na akiba.

Lakini ukuta una matundu. Milango miwili mipana ya mbele, kila mmoja mita 2.4 kwa 2.4, inachukua mita za mraba 11.5. Milango miwili ya kuingia stoo kutokea kwenye fremu inachukua 3.8. Mlango wa nyuma wa kupitishia magunia, wenye upana wa mita 1.2, unachukua 2.5. Madirisha matatu ya mita 1.2 kwa 1.2 yanachukua 4.3. Ukijumlisha unapata mita za mraba 22 ambazo hazina tofali hata moja. Hesabu sahihi inakuwa tofali 964, na pengo kati ya hizo na zile za makisio ni tofali zipatazo 220, bado haijatajwa nauli ya kuzileta wala kibarua cha kuzishusha.

Wapo watakaosema tofali zilizobaki hazipotei, zitajengea choo. Pengine. Lakini fedha zilizofungwa katika rundo hilo ndizo zilizokuwa zinunue mbao, na paa ndilo linalosimama likizingoja. Katika ujenzi wa fedha za msimu, kifaa kilichonunuliwa kabla ya wakati wake kinaweza kulisimamisha jengo sawasawa na kifaa kilichokosekana.

Kuna jingine linalohusu tofali na ambalo halina gharama yoyote kulirekebisha likiwa bado kwenye karatasi. Vipimo vya kuta na nafasi za madirisha vikipangwa vilingane na urefu wa tofali na nusu tofali, kila kozi huishia vizuri. Visipolingana, fundi atakata kipande katika kila kozi, na tofali la saruji likikatwa kwa nyundo mara nyingi hutoa kipande kimoja kinachofaa na kingine cha kutupa. Kusogeza dirisha sentimita 10 kwenye ramani ni kazi ya kifutio.

Ubora wa tofali nao umo katika hesabu hii. Mtengenezaji anayeunyoosha mfuko mmoja wa saruji ili atoe tofali nyingi huuza kwa bei ya kuvutia, lakini tofali zake huanza kuvunjika wakati wa kushushwa. Zinazovunjika zimelipiwa, na zitalipiwa tena. Anayefyatua mwenyewe saiti anapaswa kuanza mapema kiasi cha kuzimwagilia maji kwa siku zisizopungua 7 kabla ya kuzijengea, jambo ambalo mwenye haraka halikubali.

Sentimita mbili na nusu

Upotevu wa tofali unaonekana kwa macho. Ule wa saruji hauonekani, kwa sababu unafunikwa ndani ya kazi yenyewe.

Katika jengo hilo hilo, sakafu ina takriban mita za mraba 45. Jamvi la zege la unene wa sentimita 10 linahitaji mita za ujazo 4.5. Kwa mchanganyiko wa moja kwa mbili kwa nne, yaani sehemu moja ya saruji, mbili za mchanga na nne za kokoto, mita moja ya ujazo hula mifuko 6 na kitu ya kilo 50. Jamvi zima ni mifuko 28 hivi. Sasa chukulia kwamba kifusi hakikusawazishwa vizuri, kikashindiliwa kwa miguu tu, na kwa wastani kimebonyea sentimita 2.5 chini ya pale kilipotakiwa. Jamvi linakuwa la sentimita 12.5. Mifuko 28 inakuwa 35. Mifuko 7 imezama ardhini bila mtu yeyote kuiba, na kinga yake ilikuwa kamba iliyovutwa kutoka kona hadi kona, vigingi vichache na nusu siku ya vibarua wawili wenye reki.

Kwenye lipu hali ni mbaya zaidi. Kuta za jengo hili zina pande mbili, hivyo lipu ni ya mita za mraba zaidi ya 190. Ukuta ukiwa umenyooka, unene wa milimita 12 na nusu unatosha. Ukuta uliopinda hulazimisha fundi wa lipu kujaza mabonde, na wastani ukifika milimita 25, mchanganyiko wote umeongezeka mara mbili. Kwa mchanganyiko wa moja kwa tano, hiyo ni saruji ya ziada ipatayo mifuko 15. Deni hilo halikutengenezwa na fundi wa lipu. Lilitengenezwa na mwashi ambaye hakutumia timazi, au alitumia timazi asubuhi na kuacha mchana. Yule wa kwanza amekwisha kulipwa na kuondoka. Ndiyo maana malipo ya hatua ya boma yasikamilike kabla ya kuta kupimwa kwa timazi na kamba mbele ya mwashi mwenyewe.

Mbao za lenta nazo zinahusika. Kibao kisichokazwa vizuri hutanuka zege linapomiminwa, na lenta ya upana wa sentimita 15 inakuwa ya 17. Ni ongezeko la zaidi ya asilimia 13 ya zege, na baadaye ni uvimbe ambao lipu italazimika kuufuata ukuta mzima.

Kisha kuna suala la kupima mchanganyiko kwa beleshi. Beleshi la asubuhi, kibarua akiwa na nguvu, si sawa na beleshi la saa tisa alasiri, na beleshi la mchanga mbichi si sawa na la mchanga mkavu. Mfuko mmoja wa kilo 50 una ujazo wa takriban lita 35. Sanduku la mbao lisilo na kitako, lililotengenezwa liwe na ujazo huo, humaliza ubishi wote: mfuko mmoja, masanduku mawili ya mchanga, manne ya kokoto. Fundi seremala hulitengeneza kwa mabaki ya mbao katika muda wa kunywa chai.

Saruji haiwekwi kama mpunga

Mkulima amezoea kununua mapema na kuweka. Mpunga ukikauka vizuri na kupangwa juu ya chaga husubiri bei. Mazoea haya yakihamishiwa kwenye saruji huleta hasara. Bei ikishuka kidogo, mtu hununua mifuko 100 na kuijaza katika chumba ambacho hakijawekewa sakafu, akisubiri fundi amalize kazi kwa jirani.

Saruji hunyonya unyevu wa hewani hata kama mfuko haujafunguliwa. Hukadiriwa kuwa katika miezi 3 ya kuwekwa inaweza kupoteza moja ya tano ya nguvu yake, na mahali penye unyevu hali huwa mbaya zaidi. Mfuko ulioanza kutoa mabonge yasiyovunjika kwa vidole haufai kwa lenta wala nguzo. Uwekaji wake una kanuni ambazo mwenye ghala la mazao anazifahamu tayari. Mifuko ipangwe juu ya chaga, isigusane na ukuta, isizidi 10 kwa kimo, ifunikwe turubai, na ule ulioingia kwanza utoke kwanza. Tofauti ni kwamba mpunga unaweza kuufungulia dirisha ukapata hewa. Saruji hewa ndiyo adui yake.

Lililo bora ni kununua saruji kwa hatua. Mifuko ya msingi inunuliwe wiki ya msingi, ya jamvi iletwe kifusi kikiwa kimeshashindiliwa. Kama bei ni ya kuvutia sana, mwenye duka anayeaminika anaweza kulipwa na kuandikishana, akawa anatoa mifuko kila inapohitajika. Risiti iandikwe idadi na aina, kwa sababu saruji ya 32.5 na ya 42.5 si bei moja wala nguvu moja.

Mchanga na kokoto haviharibiki, lakini huhama. Tipa ikimwaga mchanga mahali popote inapopata nafasi ya kugeuza, vibarua watatumia siku nzima kuusogeza kwa toroli, nao hulipwa kwa kusogeza. Mahali pa kuchanganyia zege pachaguliwe kabla gari la kwanza halijafika, mchanga upande huu, kokoto upande ule, maji karibu, na pasiwe kwenye njia ya maji ya mvua. Tofali zishushwe karibu na kuta zitakapojengwa, na si zote upande wa barabarani. Katika saiti nyingi ndogo, anayeamua haya yote ni dereva wa tipa, na yeye anafikiria safari yake ya pili.

Nani anaanza, nani anafuata

Suala hili limesumbua si mafundi wa Mbarali peke yao. Nchini Japani, Taiichi Ohno wa kiwanda cha magari cha Toyota alitaja aina 7 za upotevu kiwandani, na miongoni mwake zipo kusubiri, kusafirisha bila sababu, kurundika akiba na kurudia kazi iliyokosewa. Mwaka 1992 mtafiti wa Finland, Lauri Koskela, aliandika ripoti akiwa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, akihoji kwa nini ujenzi usipangwe kwa mawazo hayo. Wamarekani Glenn Ballard na Greg Howell wakalifikisha saiti. Walipofuatilia kazi zilizopangwa kwa wiki katika miradi ya ujenzi, waligundua kwamba zaidi kidogo tu ya nusu ndizo zilizokamilika kama zilivyoahidiwa. Na hayo yalikuwa makampuni yenye wahandisi na kompyuta.

Walichopendekeza ni rahisi kiasi cha kushangaza. Mtu wa mwisho kupanga kazi si mhandisi wa ofisini bali ni yule anayesimamia watu saiti, kwa hiyo yeye ndiye aulizwe. Kila mwisho wa wiki akae na wenzake, na kwa kila kazi ya wiki ijayo waulize: vifaa vipo? Kazi ya kabla yake imekwisha? Watu na zana wapo? Jibu likiwa hapana, kazi hiyo isiahidiwe, na badala yake ishughulikiwe ile hapana. Jumamosi inayofuata zihesabiwe zilizoahidiwa na zilizofanyika, na kila isiyofanyika iandikwe sababu yake.

Kwa jengo la fremu mbili, kikao hicho ni cha watu wanne chini ya mwembe: mwenye nyumba, mwashi, fundi umeme na fundi wa kuchomelea. Wawili hawa wa mwisho ndio ambao kwa kawaida huitwa kazi ikiwa imekwisha, na ndipo kuta huanza kutobolewa.

Fundi umeme anatakiwa kupita boma likiwa limesimama na kabla ya lipu. Aweke mabomba yake ukutani, na lipu ije kuyafunika. Akija baada ya lipu, atachimba mifereji, na mwashi ataitwa tena kuiziba, akilipwa kwa kazi isiyokuwapo katika makubaliano. Kiraka chake kitaonekana hata baada ya rangi. Fundi wa kuchomelea naye anapaswa kutoa vipimo vya milango ya chuma kabla lenta haijafungwa mbao, ili sehemu za kushikia mlango ziachwe ndani ya zege badala ya kuchimbwa baadaye. Shimo la maji machafu, kama litakuwepo, lichimbwe wakati gari bado linaweza kufika nyuma ya jengo.

Siku ya kumimina lenta ndiyo inayopima mpangilio wote. Zege likishachanganywa na maji linapaswa kutumika ndani ya saa moja hivi. Saiti isiyojipanga huanza kuchanganya, kisha ikagundulika kwamba mbao za kona ya nyuma hazijakazwa, au pipa la maji limekauka. Zege linasubiri, linaanza kukaza, fundi anaongeza maji ili lilainike, na lenta inayobeba paa inapoteza nguvu. Kuna wakati ambapo kuahirisha siku moja ni akili kuliko kuanza.

Baada ya lenta kuna kusubiri ambako hakukwepeki. Juu ya milango ile mipana ya mita 2.4, nguzo za chini zisiondolewe kabla ya siku 14, na zege limwagiliwe maji kwa siku 7 za mwanzo angalau. Wengi huzihesabu siku hizi kama za mapumziko, vibarua wakirudi makwao na wengine wasionekane tena. Mwenye mpangilio huzitumia kwa kujaza na kushindilia kifusi cha ndani, kuingiza mabomba ya umeme katika kuta ambazo hazina nguzo, kukamilisha milango kwa fundi wa kuchomelea, na kwenda Mafinga kuangalia mbao badala ya kununua zozote zilizopo mjini. Kusubiri kunabaki kuwa wiki mbili, ila kazi nne zimekwisha.

Mabati na mabaki yake

Paa la jengo hili likiwa la pande mbili, kila upande unahitaji bati linalofika takriban mita 3.7 kutoka juu hadi ukingoni. Bati la mita 3 halifiki. Linahitaji kipande cha nyongeza cha sentimita 90 hivi, pamoja na kupandana. Kama kila upande una safu 13, vipande vya nyongeza ni 26. Bati moja la mita 3 linatoa vipande vitatu, kwa hiyo mabati 9 yanatosha. Lakini fundi akikata kila kipande kutoka katika bati zima, akaweka kando kilichobaki ili "kitatumika baadaye", yatahitajika mabati 26. Mabaki hayo ndiyo yanayoonekana miezi michache baadaye yakiwa paa la banda la kuku la mtu mwingine.

Panapopatikana mabati yanayokatwa kiwandani kwa vipimo vya mteja, suala hili halipo kabisa, ila lazima kipimo kichukuliwe baada ya kenchi kusimama. Kipimo cha kwenye ramani na cha juu ya ukuta havilingani siku zote, na bati lililokatwa fupi halirudishwi.

Nondo zina kanuni hiyo hiyo. Huuzwa kwa urefu wa mita 12, na anayeanza kukata ringi fupi kutoka katika nondo mpya atajikuta na vipande visivyofika popote wakati wa kufunga lenta. Vikatwe virefu kwanza, vifupi vitoke katika mabaki. Orodha ya vipande vyote vinavyotakiwa iandikwe kabla msumeno haujagusa chuma.

Fedha zisipotosha

Hesabu hizi zikishafanywa, mara nyingi huleta habari asiyoitaka mwenye nyumba: mavuno ya mwaka huu hayatoshi fremu mbili na stoo. Kwa kawaida hujengwa hivyo hivyo, kwa matumaini, na kila kitu husimama kwenye lenta. Hapa ndipo karatasi inapolipa zaidi, kwa kuwa kugundua upungufu mwezi Juni kabla ya kuchimba msingi ni tofauti na kuugundua Septemba.

Mwenye kujua mapema anaweza kuchimba msingi wa jengo zima, ambao hauathiriwi sana na mvua ukifukiwa vizuri, kisha akajenga fremu moja na sehemu yake ya stoo hadi mwisho, kwa paa, mlango na umeme. Uamuzi huo ufanyike mapema ili paa lipangwe la kuteremkia nyuma, na nusu ya pili ije kuungwa bila kubomoa ya kwanza. Fremu moja iliyofunguliwa Oktoba inapata mpangaji, au inakuwa duka la mwenyewe la pembejeo wakati wakulima wenzake wanatafuta mbegu na mbolea, na kodi au faida yake inaingia katika daftari lile lile upande wa mapato, ikisubiri tofali za nusu ya pili.

Ukuta unaosubiri uachwe na meno, kozi moja ikitokeza na nyingine ikiingia ndani, ili ukuta mpya ushikamane nao. Nondo za lenta ziachwe zikichungulia nje kiasi cha sentimita 60 kwa nondo za milimita 12, ili zipandane na zitakazofuata, na zipakwe uji mzito wa saruji zisiliwe na kutu katika masika moja au mawili ya kungoja.